Nkwabi Aliyezikwa Bila Watani

Mlango wa makumbusho ulinitaja kwa jina, ukaniamkia shikamoo, kisha ukaniambia nivue viatu. Mlango. Katika umri wangu huu nimeamkiwa na wajukuu, na wakwe, na hata kibaka mmoja kabla hajaninyang'anya mkoba, lakini kuamkiwa na mlango ilikuwa mara ya kwanza. Sikuuitikia. Nikaingia na viatu vyangu, na vumbi lote la stesheni ya Tabora nikaliacha pale kwenye sakafu yao inayong'aa.

Lile jengo wenyewe wanalionea fahari. Wamelijenga mfano wa penseli, refu, ncha juu, na ukilitazama kutoka stesheni utadhani penseli iliyochongwa na mtoto kwa wembe butu. Nje jua lilikuwa kali, watu wanapita na makoti yao ya kupoza mwili, feni ndogo zinavuma mgongoni. Ndani baridi mpaka magoti yakaniuma. Sauti ikatoka ukutani, hakuna aliyeiuliza, ikanieleza kwamba kuta zinakula joto la nje na kuligeuza umeme. Nikaiambia nimeshasikia. Ikanishukuru.

Halafu nikajiona. Katikati ya ukumbi wamesimamisha sanamu ya mwanamke mwenye kilemba, mdomo umeachama upana wa mlango wa banda la kuku. Watoto wanaingilia mdomoni wanatelezea kisogoni, wazazi wanapiga picha. Chini wameandika: "Bibi Mdomo, mhusika wa kubuniwa." Wa kubuniwa, na mimi Siwema Dibwa nimesimama pale na mkoba wangu, natafuta pa kukaa.

Nieleze, maana wao hawakueleza kitu. Nkwabi Mihayo alichora katuni za Ngasa Mpagazi, yule Mnyamwezi anayebeba mizigo ya watu kutoka nyota hadi nyota, kichwani, kwa miguu, kwa sababu haamini vyombo vya anga. Kila kituo anachofika anamkuta Bibi Mdomo, Mzaramo, anamtukana mpaka anatua mzigo. Watu walisoma hayo nchi nzima, na Bibi Mdomo ni mimi. Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha uchapaji kule Dar es Salaam. Siku ya kwanza alipoleta kurasa zake, aliposikia mimi Mzaramo hakunisalimia. Aliniuliza kama nimekuja kazini au nasubiri ngoma ipigwe. Nami nikamuuliza bosi aliyemtwisha yale makaratasi amempa ugali au bado. Toka siku hiyo hatukusemezana vizuri hata mara moja, kama Mzaramo na Mnyamwezi wanavyotakiwa kutaniana, na sikuwahi kuwa na rafiki kama yule.

Basi mtu huyo alikufa, na hakuna aliyemwambia mtani wake. Nilisikia kwenye taarifa ya habari, tonge mkononi, kwamba msanii mkongwe alizikwa jana. Jana. Walimzika kama mtu aliyefia hotelini, hakuna matanga, hakuna Mzaramo hata mmoja wa kuuliza marehemu ameacha nini cha kula. Miezi ikapita, ndipo makumbusho wakanipigia simu, sauti laini, eti wananiita kwa mashauriano. Nilienda kwa hasira, sitaficha.

*

Aliyenipokea ni Daktari Elinami, mkuu wa makumbusho, kijana wa Kipare mwenye viganja vilivyoshikana muda wote utadhani anaongoza sala. Shikamoo yake ilikuwa ya kweli, hilo nampa. Akanizungusha kwenye vyumba. Hapa penseli za Nkwabi kwenye kioo, hapa kikombe chake, hapa kandambili zake zimemulikwa taa utadhani za mtume. Kandambili zile nazijua, mkewe alishazitupa zaidi ya mara moja na yeye akazifuata jalalani.

Kwenye chumba kilichofuata akanionyesha kitu chenyewe walichoniitia. Tangi la kioo, kubwa kuliko sufuria ya shughuli, limejaa maji ya rangi ya uji mwembamba, na ndani yake kuna utando wa kijivu unaotetemeka. Akasema wanakiita Kivuli. Mwaka wake wa mwisho Nkwabi alivaa kofia ya nyuzi, anachora nayo, anakula nayo, analala nayo, na kofia ikawa inanakili kila ubongo wake ulichofanya. Kutoka kwenye nakala ile wakaotesha chembe hai, zikajipanga kama zilivyokuwa zimejipanga kwake. Kivuli kinaongea kwa sauti yake. Kinachora. Kurasa mpya za Ngasa Mpagazi zinatoka kila wiki na wasomaji hawajaona tofauti.

Nikamwambia wasomaji wa siku hizi hawaoni hata shimo barabarani. Akatabasamu, akaendelea. Kivuli bado ni laini, akasema, unaweza kukirekebisha, unaweza kukizima. Kabla mvua hazijaanza lazima kikazwe, yaani kimiminiwe dawa inayogandisha mpango wa chembe. Kikishakazwa hakibadiliki tena na sheria hairuhusu mtu kukizima, kinakuwa na haki ya kuishi. Lakini kukikaza kunataka ridhaa ya mjane. Na mjane, Bi Kalunde, amesema ataridhia siku Mzaramo atakaposema yule ni Nkwabi.

"Sasa tatizo liko wapi?" nikamuuliza.

Akababaika kidogo. Tatizo, akasema, ni mahali pamoja tu. Kivuli hakijui utani. Kabla ya kuotesha, zile kumbukumbu zote zilipitishwa kwenye mtambo wa kusafisha, kama sheria inavyotaka, kuondoa lugha ya chuki. Mtambo ukakutana na mtu anamwambia mwenzake Mzaramo mvivu, na mwenzake anamjibu Mnyamwezi punda, siku nenda siku rudi, miaka na miaka. Ukahesabu ni chuki ya kikabila. Ukafuta yote.

Walikuwa wamechukua urafiki wetu mzima wakautupa na maji machafu, halafu wananiita nije kuwaeleza kwa nini nguo haitakati. Nikamuuliza na matanga je, kwa nini hamkuweka. Akasema walimshauri Bi Kalunde asiomboleze. Kivuli kinasoma hali ya watu wake wa karibu, wakikililia wakati bado laini kinachanganyikiwa na kinaweza kuvunjika. Akaongeza, taratibu, kwamba bibi yake mwenyewe alifariki bila kubakiza hata sauti, na angetoa chochote amsikie akimwita jina. Alisema hivyo bila kunitazama. Nilimwonea huruma, na hasira zangu hazikupungua.

*

Chumba cha kazi cha Nkwabi walikihamisha kizima kutoka nyumbani kwake, na koti lake msumarini, wakakiweka nyuma ya kamba nyekundu. Mezani, badala ya mtu, kuna mkono wa chuma unachora, na kupitia kioo cha ukutani linaonekana lile tangi la chumba cha jirani. Pembeni ya meza, ndani ya kamba, Kalunde amekaa kwenye kigoda, chupa ya chai miguuni, amevaa khanga ya rangi za harusi. Alikuwa amekonda. Wageni walipita mbele yake na mwongozaji wao, binti mwenye kipaza sauti, akawaambia huyu ndiye mjane wa msanii, anapatikana kila siku hadi tunapofunga. Mmoja akamwomba ageukie kwenye mwanga. Kalunde akageuka.

Nilivuka kamba, nikamkumbatia. Akanisimulia kwa sauti ya chini. Anakuja asubuhi, anaondoka jioni. Hajalia, wamemkataza. Mazishini hakwenda, walisema atarudi na simanzi. Binti yao Nyamizi, aliyeolewa Kigoma, kila wiki anapiga simu anataka kuja kumchukua akakae naye na wajukuu, na yeye anakataa, kwani akiondoka nani atakaa na baba yake. Halafu akanishika mkono.

"Mtani, wewe ndiye pekee usiyeweza kumsifu bure," akasema. "Ukisema ni yeye, naweka kidole leo. Ukisema siye, basi mimi sijui nimekuwa nikiongea na nani."

Nikageukia meza.

"Wewe Mnyamwezi," nikasema, "umekufa na bado unafanya kazi? Nani kakutwisha safari hii?"

Mkono wa chuma ukatulia. Sauti ikatoka, sauti ya Nkwabi, na kile kikwaruzo cha sigara alizoacha alipopata watoto.

"Karibu sana, Bi Siwema. Samahani kama kuna jambo lililokukwaza."

Kalunde akainamisha macho. Nikajaribu tena, nikakiambia kwamba Ngasa wake anatembea kwa magoti yaliyopinda kama mtu aliyejisaidia nguoni. Kikanishukuru kwa maoni yangu. Nikakiambia kitu ambacho siwezi kukirudia hapa. Kikasema kinaheshimu hisia zangu. Nkwabi huyu angenirushia kikombe cha chai, na chai ndani.

Elinami akaniomba nikifundishe. Bado laini, akasema, ukiongea nacho kinashika. Ningeweza kuchukua mkoba wangu nikaondoka. Lakini niliposikia ile sauti inaniambia samahani kwa mara nyingine, nilishindwa kuvumilia, basi nikavuta kiti. Nikakirudishia yote waliyofuta. Namna unavyoanza, namna unavyojibu bila kusubiri, mahali ambapo hupagusi hata kwa mtani, yaani mtoto mgonjwa na mtu aliyefukuzwa kazi. Nikakisimulia alichonijibu siku ya harusi yangu, na nilichomjibu siku meno yake ya mbele yalipong'oka. Adhuhuri ikapita. Elinami akaleta wali kwenye sahani za karatasi, nikala huku natukana.

Jua lilipoanza kulala nikakiambia, kwa kuchoka tu, kwamba kichwa chake kimebonyea kwa mizigo mpaka kofia haikai.

Kikacheka. Kile kicheko chake cha kooni, kinachotangulia kabla hajasema.

"Kimebonyea kwa kuwabebea njaa yenu, Mzaramo. Mlipouza shamba mkakodi ngoma, nani alileta ugali?"

Kalunde alicheka. Alijifunika mdomo na khanga na mabega yakamtikisika, akaegemea meza. Nami nilicheka, na nasema kweli, furaha niliyoipata sikuitegemea kuipata tena duniani. Nkwabi alikuwa mle. Nikamjibu, naye akanijibu, tukaenda hivyo mpaka wageni wakajaa kwenye kamba, na sikuwajali. Kama ningeulizwa dakika ile ningesema ndiye, mkazeni, na kesho ningerudi, na keshokutwa.

*

"Sasa umerudi," Kalunde akakiambia Kivuli, anajifuta machozi ya kicheko. "Kesho nakupikia ugali wa mtama. Nyamizi nitamwambia asihangaike kuja tena."

Elinami alifurahi mpaka akasahau kushikanisha viganja. Akaniambia mimi, pembeni, kwamba hata Bi Kalunde wameshamfikiria. Kofia yake ya nyuzi iko tayari, walimpima kichwa wiki iliyopita. Ataanza kuivaa hapa hapa kigodani, na Mungu akimchukua wataotesha Kivuli cha kwake kwenye tangi la pili. Wawili hawa watakaa pamoja chumbani humu na wageni watawaona siku zote.

Nikamtazama Kalunde. Kigoda kile kilikuwa kimefungwa sakafuni kwa skrubu. Alikuwa na miaka ya kuishi yule mwanamke, ana wajukuu ambao hajawabeba, na alikuwa ananingoja niseme neno moja ili akae pale mpaka afe, na akishakufa aendelee kukaa. Na neno lenyewe nililitaka kulisema. Nilimtaka rafiki yangu. Nilitaka kesho nirudi kumtukana. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba nilikuwa tayari kumwacha Kalunde kigodani ili mimi nipate pa kuchekea.

Na kitu kimoja kikanikera. Kile Kivuli kilikuwa kinamwiga Nkwabi vizuri kuliko mtu yeyote, na kuiga marehemu ni kazi yangu. Msibani mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anagombana na mjane mbele ya watu. Wafiwa wanacheka, kicheko kinageuka kilio, mtani anapewa chochote, anavua, na jeneza linatoka. Kazi hiyo ina mwisho. Hawa wameifanya kwa adabu na heshima zote, na wamepanga isiishe.

Nikanyoosha mkono nikachukua koti la Nkwabi msumarini.

Kengele ikalia jengo zima. Elinami akasema tafadhali mama, hiyo ni kumbukumbu ya taifa. Nikamwambia mtani haombi ruhusa msibani, akamuulize bibi yake. Nikalivaa. Lilinibana kifuani. Nikachukua miwani yake mezani, nikachomeka penseli nyuma ya sikio, kisha nikaanza kuitafuta ile penseli kama alivyokuwa anaitafuta kila siku ya Mungu, nafungua droo, napekua mifuko, nalaumu watu. Nikakohoa kile kikohozi chake kirefu. Nikapiga meza.

"Kalunde! Hii chai umeipika au umeiogesha?"

Kalunde akacheka. "Muache," akasema, "muache huyu."

Sikuacha. Nikamlalamikia chumvi, nikamlalamikia redio, nikamwambia amezificha kandambili zangu. Nikazunguka chumba na ile mikono nyuma, na lile goti bovu la kushoto. Halafu nikajilaza juu ya meza, mkono wa chuma ukajivuta pembeni kunipisha, nikakunja mikono kifuani nikafumba macho.

"Mimi Nkwabi Mihayo nimekufa," nikasema. "Nimeacha mke mzuri na katuni sijamaliza. Nyie mmekaa tu. Mniletee ugali nile niende, njia ni ndefu na Wazaramo hawabebi."

Nilisikia Kalunde anacheka, anacheka, kisha hewa ikamkata katikati na sauti nyingine ikatoka. Alilia kwa sauti iliyofika kwenye ncha ya lile jengo. Aliteremka kwenye kigoda akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, akamwita mumewe kwa jina lake la utotoni. Binti mwenye kipaza sauti akakizima. Wanawake wawili kati ya wageni, hata siwajui, wakavuka kamba wakakaa naye chini, wakamshika.

Elinami alikuja mbio ananisihi, mama nyamaza, mnakivunja, bado laini. Nilikuwa nimeketi mezani na koti la watu. Kwenye tangi ule utando ulitulia. Kisha sauti ya Nkwabi ikasema, polepole:

"Kalunde, unamlilia nani?"

Mimi Bibi Mdomo nilifumba mdomo, maana hilo halikuwa langu kulijibu. Elinami akamtikisia Kalunde kichwa, anamwomba asiseme.

Kalunde akainua uso uliolowa, akautazama ule mkono wa chuma, akautazama muda mrefu.

"Namlilia mume wangu," akasema. "Nkwabi. Amefariki."

Nilisubiri kicheko cha kooni. Nilisubiri tusi, na Mungu anisamehe, bado nilikuwa nalitamani. Kivuli kilipoongea tena, sauti ilikuwa ile ile, na kikwaruzo ni kile kile.

"Pole sana, mama," kikasema. "Pole kwa msiba."

Kalunde akajifuta uso na pindo la khanga. "Asante, baba," akakijibu, kama unavyomjibu mpita njia aliyesimama mlangoni. "Nimeshapoa."

Akashikwa mkono akainuka. Chupa ya chai akaiacha pale chini. Elinami alimuuliza, kwa sauti ya kuomba, kama atakuja kesho, naye akasema hapana, ila kile kitu wasikionee, wakizime kwa upole. Nilikuwa nimeshaanza kufungua vifungo aliponigeukia.

"Usivue koti, mtani," akasema. "Nipeleke kaburini kwanza. Sijafika."